C. T. Studd: mcheza kriketi aliyegawa urithi wake

Mwaka huu tumeandika juu ya mtu asiye Muha wala Mtanzania, na mchezo wake wa kriketi kwetu hauchezwi. Alikuwa mmisionari, lakini umoja wetu ni wa dini zote. Tumemchagua kwa sababu ya fedha. Sisi tunaoshika vitabu vya umoja tunajua ahadi ngapi huandikwa na ngapi hufika.

Charles Thomas Studd alizaliwa Uingereza mwaka 1860, baba yake akiwa tajiri aliyechuma mali India. Mwaka 1882, angali mwanafunzi wa Cambridge, alifikisha mikimbio zaidi ya 1,000 na wiketi zaidi ya 100 katika msimu mmoja. Kabla yake ni W. G. Grace peke yake aliyeliweza hilo. Agosti mwaka huohuo aliichezea Uingereza dhidi ya Australia uwanjani Oval, London. Walihitaji mikimbio 85 tu, wakashindwa kwa 7, na Studd alikuwa amesimama upande wa pili bila kupata hata mpira mmoja wa kupiga.

Mwaka 1885 aliacha kriketi akaenda China. Huko ndiko urithi wa baba yake ulikomfikia, pauni kama 29,000. Januari 1887 akaandika hundi: nne za pauni 5,000 na tano za pauni 1,000. Moja ilikwenda kwa George Müller, Bristol. Nyingine kwa Dwight Moody, ikasaidia kuanzisha chuo cha Biblia Chicago. Zilizobaki, pauni 3,400, alimpa mchumba wake, Priscilla Stewart. Binti naye hakutaka zikae nyumbani, zikaenda Jeshi la Wokovu. Sisi wahasibu tumezoea akiba itengwe kwanza, mchango ufuate.

Alipofika miaka 50 alikuwa na pumu, madaktari walimkataza Afrika, na wafadhili wakajitoa. Akaja hivyohivyo. Mwaka 1913, pamoja na kijana Alfred Buxton, alipita Kenya na Uganda, akavuka Ziwa Albert na kuingia Kongo. Mwishowe makao yake yakawa Ibambi, ambako aliitwa Bwana Mukubwa.

Hatumpambi. Alikuwa mgumu, alitaka wenzake wafanye kazi kama yeye, mpaka kamati yake ya London ikakosana naye. Mkewe alibaki Uingereza akiendesha kazi ya misheni huko. Tangu 1916 mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1929 walionana mara moja tu, mwaka 1928, kwa siku chache. Kwetu gharama hiyo ni kubwa kuliko zile pauni.

Uzeeni alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, jamaa ya kile tunachokisikia kwa majirani zetu wa Nyarugusu tangu 1996. Alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akazikwa hukohuko.