Mtu wa Mashimo ya Mfalme Sulemani

Wasomaji wa rika langu hawajakisahau kitabu kiitwacho Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kilitafsiriwa na Frederick Johnson, yule yule wa kamusi, kikachapwa mwaka 1929, na shuleni kilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likang'oka. Mwandishi wake, Henry Rider Haggard, wengi wetu tulimjua kwa jina tu.

Alizaliwa tarehe 22 Juni, 1856, huko Bradenham, Norfolk, nchini Uingereza, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alimwona mzito wa akili, akawapeleka ndugu zake katika shule kubwa, lakini yeye akampeleka shule ya kawaida mjini Ipswich. (Sisi tulioshika chaki tuyasome maneno hayo mara mbili.) Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, alitumwa Natal, Afrika ya Kusini, kumtumikia gavana bila mshahara. Miaka miwili baadaye Waingereza walipoitwaa Transvaal kutoka kwa Makaburu, naye alikuwapo, akashiriki kupandisha bendera yao mjini Pretoria. Katika safari hiyo alifahamiana na shujaa mmoja Mswazi, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Umslopogaas wa hadithi zake.

Mwaka 1880 alimwoa Louisa Margitson, wakaenda kufuga mbuni karibu na Newcastle, Natal. Hapo, mwaka 1881, mtoto wao wa kiume Jock alizaliwa. Vita vilikuwa vimefika mlangoni, basi mwaka huo huo wakarudi kwao, na Haggard akasomea sheria.

Kitabu chenyewe kilitokana na ubishi. Ndugu yake alimwekea dau kwamba hawezi kuandika hadithi hata nusu ya uzuri wa Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson. Aliiandika kwa majuma sita hivi, jioni baada ya kazi. Mchapaji akampa hiari: pauni 100 mara moja, au fungu katika kila nakala itakayouzwa. Alikuwa karibu kuzichukua pauni, ila karani mmoja, mkubwa wake alipotoka chumbani, alimnong'oneza asikubali. Kitabu kilitoka Septemba 1885, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 31,000! Hadithi iliyofuata, ya Allan Quatermain, inaanzia Lamu, na si ajabu, maana kaka yake Jack alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko.

Tusifiche kasoro yake. Waafrika wa Haggard ni wafalme na mashujaa, lakini kazi kubwa za kale anawapa wageni kutoka mbali. Leo tunajua kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na mababu wa Washona.

Sasa ndugu, sikilizeni jambo lililompata. Rafiki yake mmoja alimweleza habari za hazina ya Waazteki iliyofichwa Meksiko. Haggard, aliyekwisha kutajirika kwa kusimulia hazina za kubuni, akataka kwenda kuitafuta ya kweli. Yeye na mkewe wakaondoka, Jock akaachwa kwa marafiki London. Alisimulia baadaye kwamba walipoagana moyo wake ulimwambia hawataonana tena. Februari 1891, wakiwa Meksiko, walipata simu ya maandishi: Jock amefariki kwa surua, naye ana miaka tisa. Hazina ikaachwa huko huko. Haggard alirudi mgonjwa, na nyumbani mwake jina la mtoto yule halikutajwa tena. Binti yao wa mwisho, Lilias, alizaliwa mwaka 1892, na ndiye aliyekuja kuandika maisha ya baba yake.

Aliendelea kuandika, vitabu zaidi ya 50. Hata hivyo moyo wake ulikuwa umeelekea udongo. Alilima Ditchingham, shamba la mkewe, akazunguka wilaya za Uingereza kuchunguza kwa nini wakulima wanakimbilia mijini, na mwaka 1902 akatoa kitabu kikubwa cha habari hizo. Mwaka 1912 alipewa cheo cha Sir.

Alifariki London tarehe 14 Mei, 1925, na majivu yake yamewekwa katika kanisa la Mtakatifu Maria, Ditchingham. Humo mna dirisha la vioo vya rangi la ukumbusho wake. Limechorwa mapiramidi ya Misri, mandhari ya Bungay karibu na kwao, na shamba la Natal, pale alipozaliwa Jock.