August Hermann Francke, Mlezi wa Watoto wa Shule

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za mtu ambaye Walutheri humtaja kwa ajili ya mahubiri yake, walakini kazi yake ya kuilinda miili ya wanafunzi haijulikani sana kwetu. Naye ni August Hermann Francke.

Alizaliwa mwaka 1663 katika mji wa Lübeck, nchi ya Ujerumani. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alihamia Gotha kumtumikia mtawala wa huko, akafariki mwaka 1670. August alikuwa mtoto wa miaka saba tu. Hivyo aliuonja uyatima kabla hajawa baba wa mayatima. Alisoma Erfurt, Kiel na Leipzig, akawa hodari katika Kiebrania. Mwaka 1687, alipokuwa Lüneburg akitengeneza hotuba ya kanisani, alitambua ya kuwa moyo wake mwenyewe hauna imani ile aliyotaka kuwahubiria watu. Akapiga magoti kwa huzuni nyingi, akainuka mtu mwingine. Mahubiri yake yaliwaudhi wakubwa, hata mwaka 1691 akafukuzwa Erfurt. Mwaka uliofuata alifika Halle, akawa mwalimu wa chuo kikuu, tena mchungaji wa Glaucha, kitongoji kilichokuwa nje ya malango ya mji.

Glaucha palikuwa mahali pa taabu. Miaka kumi nyuma tauni ilikuwa imeua watu wengi. Vilabu vya pombe vilijaa, na watoto walizurura pasipo mlezi. Maskini walipokuja nyumbani kwake kuomba mkate, Francke aliwafundisha kwanza katekisimo, kisha akawagawia. Mwaka 1695 mtu mmoja alitia taleri 4 na groshi 16 katika sanduku la sadaka nyumbani mwake. Kwa fedha hiyo Francke alianzisha shule ya maskini. Aliwagawia watoto vitabu 27, navyo vilivyorudi vilikuwa 4 tu. Hakukasirika, akanunua vingine.

Lakini punde aliona jambo lililo kubwa kuliko vitabu. Mema yote mtoto aliyoyapata darasani aliyapoteza nje, katika njaa, uchafu na mifano mibaya. Ndipo akaanza kuwatunza mayatima, wapate pa kulala na mtu wa kuwaangalia. Mwaka 1698 uliwekwa msingi wa nyumba kubwa ya mayatima, naye hakuwa na fedha ya kuimaliza.

Sasa tuangalie jinsi alivyoipanga kazi hiyo. Wanafunzi maskini wa chuo kikuu walipewa chakula bure, nao wakawafundisha watoto. Hivyo hapakuwa na mwenye njaa kati ya wafundishao wala wafundishwao. Duka la dawa lilifunguliwa, na mganga wa nyumba ile, Christian Friedrich Richter, aliwatibu watoto. Dawa zao ziliuzwa hata nchi za mbali, na faida yake ikarudi shuleni. Maji safi yaliletwa kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi. Mwaka 1721 ilijengwa nyumba ya peke yake kwa ajili ya watoto wagonjwa, mbali na mabweni, wasiwaambukize wenzao. Watu wengi huihesabu kuwa hospitali ya kwanza ya watoto katika Ujerumani. Tena waalimu walikatazwa kumwadhibu mtoto katika hasira au kumpiga kichwani.

Hatutaki kumfanya malaika. Francke aliona michezo kuwa upuuzi. Badala yake watoto walipewa matembezi, bustani na kazi za mikono. Katika hilo hatumfuati, kwa maana mtoto asiyecheza hunyauka kama mche uliowekwa gizani.

Alifariki tarehe 8 Juni 1727, na siku hizo watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifundishwa katika shule zake.

Mtu atauliza, Halle yatuhusu nini sisi wa Ngaramtoni? Yatuhusu kama babu amhusuvyo mjukuu. Ziegenbalg, aliyefika Tranquebar katika Uhindi mwaka 1706, alikuwa amesoma Halle. Kazi ile ya Uhindi baadaye ilirithiwa na Misioni ya Leipzig, na Misioni hiyo ndiyo iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, ikaanza kazi Ilboru mwaka 1904. Basi shule zetu za kwanza zilitoka katika ukoo huo.

Nasi tunao wajibu wa warithi. Maji ya chemchemi na visima vingi pande za Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi. Hugeuza meno ya watoto kuwa ya rangi ya kahawia, na yakizidi sana huharibu mifupa. Kuyachemsha hakuyaondoi madini hayo. Lakini maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana shida hiyo. Je, shule iliyo karibu na usharika wako inalo tangi? Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana zaidi ya 40 katika bweni la shule ya Shauritanga, huko Rombo. Je, milango ya mabweni tunayoyajua hufunguka upesi kutoka ndani, na madirisha yapitika? Mwaka 2017 basi lililowachukua watoto wa shule kutoka Arusha lilianguka korongoni huko Karatu, wakafa wanafunzi 32. Nao watoto wetu kila asubuhi huivuka barabara ya Namanga, ambapo magari hupita kwa kasi. Ni nani asimamaye nao pale?

Mambo haya hayamngoji mtu mwenye fedha nyingi. Francke alianza na taleri 4 na groshi 16. Tunawasihi wazee wa usharika na waalimu wa dini waende shuleni mwezi huu, pamoja na mwalimu mkuu, wayaangalie maji, jiko, choo, mlango wa bweni na mahali pa kulala mgonjwa. Kisha waandike lile lililo baya kuliko yote, na sadaka ya kwanza itakayopatikana waitumie kulitengeneza hilo.