Ronald Ngala: Mwalimu Aliyeliongoza Jimbo la Pwani

Kila tunapozungumzia ugatuzi hewani, jina la Ronald Gideon Ngala halikosi kutajwa. Vijana wanalijua zaidi kama jina la barabara ya Nairobi. Wazee wa Kilifi wanamkumbuka kama mwalimu.

Ngala, Mgiriama, alisoma Alliance kisha akapata stashahada ya ualimu Makerere. Alifundisha Kaloleni, akawa mwalimu mkuu Mbale kule Taita, na baadaye Buxton, Mombasa. Kazi hiyo ilimjulisha kwa wazazi wa vijiji vingi kabla hajaomba kura hata moja.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu nchi nzima, na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Elimu, kipato na mali vilitazamwa. Haishangazi basi kwamba walimu walifaulu. Ngala alishinda Pwani, na miongoni mwa wenzake walikuwamo Daniel arap Moi na Masinde Muliro, nao pia watu wa chaki.

Mwaka 1960 viongozi wa jamii ndogo walihofia kwamba uhuru ukija, makabila makubwa ya KANU yangechukua madaraka na ardhi yote. Wakaunda KADU, Ngala akiwa rais wake. Kwa watu wa Pwani hofu hiyo haikuwa ya vitabuni: wengi walikuwa wakilima mashamba ya mababu bila hati, wakiitwa maskwota kwao wenyewe.

Uchaguzi wa 1961 KANU ilishinda, lakini ikakataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa. Ngala akakubali kuongoza serikali, akiungwa mkono na baadhi ya Wazungu. Kwa maoni yetu, hatua hiyo ilimchafulia jina kuliko nyingine yoyote. Mahasimu wake walimwona kibaraka. Hata hivyo, ndiyo iliyompa nguvu ya kudai majimbo katika mazungumzo ya katiba huko London mwaka 1962.

Akayapata. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na majimbo saba yenye mabaraza yake, na Ngala alikuwa rais wa Jimbo la Pwani huku akiongoza upinzani bungeni. Lakini jimbo bila fedha ni jina tu. Serikali kuu ilichelewesha fedha na mamlaka, na wabunge wa KADU wakaanza kuhamia KANU mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala mwenyewe alivunja chama. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakapoteza nguvu zake.

Wapo waliosema aliwaacha watu wake. Sisi tunaona hakubakiwa na njia nyingi: angebaki nje mikono mitupu, au angeingia ndani aombee Pwani shule na barabara. Aliingia. Mwaka 1966 akawa waziri wa ushirika, na mmoja wa makamu wanane wa rais wa KANU.

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, barabara ya Mombasa, naye akafariki siku ya Krismasi. Dereva alieleza kwamba nyuki waliingia garini. Wengi Pwani hawakuyaamini maelezo hayo, na hadi leo ukikaa na wazee wa Kaloleni, habari ya nyuki itazuka.