Ramadhani 11: Nuhu, fundi wa safina nchi kavu

Leo tumwangalie Nabii Nuhu (a.s.), hasa ile miaka yake ya ufundi.

Alikaa na kaumu yake miaka 950 akiwalingania. Usiku, mchana, kwa siri, hadharani. Wao wakaziba masikio kwa vidole, wakajifunika nguo zao. Wakubwa wa mji walimdharau kwa sababu waliomfuata ni watu wa chini, naye akakataa kata kata kuwafukuza hao maskini. Mwisho akafunuliwa kwamba hataamini tena mtu mwingine, na akaamrishwa aunde safina.

Hebu sisi wa Mwamkulu tufikirie. Huku kwetu ni majaruba ya mpunga, ziwa liko kule Karema na Ikola. Mtu aanze kuunda boti kubwa uwanjani kwake, chini ya mwembe, kutwa nzima ni nyundo na randa. Wapita njia watasemaje jamani? Nuhu kila kundi la wakubwa likimpitia lilimcheka. Wafasiri wanasimulia kwamba walimkejeli: juzi nabii, leo seremala! (Na Liemba yetu je? Iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikafika Kigoma vipande vipande kwa reli. Meli kupita nchi kavu siyo ajabu sana.)

Vifaa vya safina Qur'ani imevitaja kwa kifupi mno: mbao, na kitu cha kuzishika. Wengi wamekifasiri kuwa ni misumari. Lakini wajuzi wa Kiarabu wanasema neno lile laweza pia kuwa kamba ya nyuzi za mtende ya kufungia mbao, na hilo haliwezi kumshangaza mtu wa Lamu, maana mitepe yao ya zamani ilishonwa kwa kamba ya makumbi, bila msumari. Kwa vyovyote ni kazi ya subira. Fundi yeyote wa maboti anajua kwamba ufa mdogo usiozibwa vizuri, maji yatauona tu.

Mimi kinachonigusa kila nikirudia kisa hiki ni nafasi iliyobaki tupu mle ndani. Wanyama walipata pao, jozi jozi. Waumini wale wachache walipata. Mkewe hakuwa miongoni mwa walioamini. Na mwanawe alisimama kando, mawimbi yameshakuwa kama milima, baba anamwita apande. Kijana akasema atakimbilia mlimani, mlima utamkinga. Wimbi likaingia kati yao, habari yake ikaishia hapo. Mzazi aliyewahi kumwita mtoto kwenye swala akageuziwa mgongo, sauti ile ya Nuhu anaijua kidogo.

Maji yakapungua, safina ikatua juu ya Judi. Nuhu akamlilia Mola wake juu ya mwanawe, kwamba ni katika ahali zake. Akajibiwa kwamba huyo si katika ahali zake, na asiombe jambo asilo na ujuzi nalo. Mzee wa miaka yote ile, aliyebeba kicheko cha mji mzima, hakubishana. Aliomba maghufira palepale. Kisha akaambiwa ashuke kwa amani, yeye na wale wachache aliokuwa nao.

Kesho in shaa Allah ni zamu ya Nabii Hud (a.s.).