Nellie Grant: Mwanamwinyi wa Njoro

Katika karne za mwisho za Enzi za Kati, wake na wajane wa makabaila wa Ulaya ya kaskazini walisimamia ngome na mashamba makubwa waume zao walipokuwa vitani au walipofariki. Nchini Uswidi, Kristina Gyllenstierna aliongoza ulinzi wa Stockholm mwaka wa 1520 baada ya mumewe kufa kutokana na majeraha ya vita. Karne nne baadaye, wanawake wa tabaka hilo walionekana wakimiliki na kuendesha mashamba katika Bonde la Ufa, chini ya kivuli cha ukoloni. Mmoja wao ni Nellie Grant wa Njoro.

Jina lake kamili lilikuwa Eleanor Lilian Grosvenor. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1885, akiwa binti wa Richard Grosvenor, ambaye mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha Baron Stalbridge. Licha ya nasaba hiyo, Nellie na mumewe, Josceline Grant, hawakuwa na fedha nyingi walipofika Kenya mwaka wa 1912 kuanzisha shamba la kahawa huko Thika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Josceline alirejea jeshini na mipango yao ikavurugika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walihamia Njoro, karibu na msitu wa Mau. Shamba lao waliliita Gikammeh, jina la Kikuyu la pelele, yule mnyama mdogo apigaye mayowe usiku juu ya miti. Katika eneo hilo hilo la Njoro, Lord Egerton alikuja kujenga kasri la mawe ambalo lingalipo hadi leo, naye akafariki mwaka wa 1958 bila kuoa. Kwa hiyo Njoro ilikuwa na kasri lisilo na bibi, na bibi asiye na kasri.

Josceline alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Nellie ndiye aliyebeba mzigo wa kila siku. Alijaribu mazao na mifugo ya aina nyingi, ingawa faida ilikuwa haba. Nzige walivamia nchi kuanzia mwaka wa 1928, na muda mfupi baadaye bei ya mahindi ikaporomoka duniani kote. Walowezi wengi walifilisika. Nellie alistahimili, na mumewe alipofariki mwaka wa 1947, aliendelea kulisimamia shamba peke yake kwa takribani miaka kumi na minane.

Hata hivyo, ustahimilivu huo haupaswi kutenganishwa na ardhi iliyouwezesha. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka sehemu hizo za Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka wa 1904. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 999, ilhali Mwafrika aliyelima ardhi hiyo hiyo alihesabiwa kuwa skwota. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka ili aruhusiwe kulima na kufuga. Memsabu angeweza kuwa mkarimu au mkali. Kwa vyovyote vile, haki ya kukaa haikuwa mikononi mwa mfanyakazi.

Ukweli huo ulidhihirika Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Maelfu ya maskwota Wakikuyu, wakiwemo waliozaliwa mashambani humo, walifukuzwa kutoka Bonde la Ufa. Baada ya uhuru, Nellie naye aliondoka. Mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka ipatayo 80, alihamia Ureno, ambako alifariki mwaka wa 1977. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na pa kwenda, na aliondoka kwa hiari yake.

Wasomaji wa fasihi humfahamu Nellie kwa jina jingine. Binti yake, Elspeth Huxley, alimchora kama Tilly katika The Flame Trees of Thika (1959), kitabu kilichogeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni mwaka wa 1981. Mwaka wa 1980 Huxley alichapisha pia barua za mama yake. Hivyo, mwanamwinyi huyu ana riwaya, barua na filamu za kumkumbuka. Waliolima Gikammeh hawakuachiwa kumbukumbu kama hizo. Wanaonekana humo kwa jicho la mwajiri tu.

Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nellie Grant anastahili sifa ya bidii na ujasiri. Haki ya wale waliolima naye ni kuandikiwa historia yao, kwa lugha yao, na wasomi wanaoishi katika ardhi hiyo hiyo.