Orton Chirwa: Wakili aliyenyimwa wakili

Ninyi mnaopitisha bidhaa Mchinji kwenda Chipata, Zambia, mnaijua njia ambayo Orton Chirwa alikamatiwa mkesha wa Krismasi mwaka 1981.

Jina lake nililisikia kwanza Mbeya, nilikosoma shule ya msingi. Baba, mkimbizi wa Kimalawi, alilitaja kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa nje ya nchi. Leo nafundisha Dzaleka, nje kidogo ya Lilongwe, kambi ya wakimbizi ambayo enzi za Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wapinzani wake. Wanafunzi wangu, watoto wa Kongo na Burundi, huniuliza habari za enzi hizo. Huanza na Chirwa, ingawa yeye alifia Zomba.

Alizaliwa mwaka 1919, akasoma Fort Hare, Afrika Kusini, akawa mwalimu. Baadaye alisomea sheria Uingereza na kuwa Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland kufuzu uwakili. Mwaka 1959, Banda akiwa kizuizini Gwelo, Chirwa alikuwa rais wa kwanza wa chama cha Malawi Congress. Banda alipoachiwa mwaka 1960, alimpisha kiti. Wangapi wangefanya hivyo?

Wakati wa uhuru, Julai 1964, alikuwa Waziri wa Sheria. Septemba alifukuzwa, kwani yeye na wenzake walipinga wagonjwa kutozwa peni tatu hospitalini, Waafrika kucheleweshwa vyeo, na urafiki na Wareno. Alikimbilia Tanzania, akafanya uwakili, na mwaka 1977 akaunda chama cha MAFREMO.

Alikamatwa pamoja na mkewe Vera, naye mwanasheria, na mtoto wao Fumbani. Serikali ilidai waliingia Malawi wenyewe. Wao walisema walitekwa wakiwa Zambia. Mume na mke walishtakiwa kwa uhaini katika mahakama ya jadi, ambako wakili hakuruhusiwa. Aliyekuwa Waziri wa Sheria alijitetea mwenyewe mbele ya machifu. Mwaka 1983 walihukumiwa kunyongwa, adhabu iliyogeuzwa kifungo cha maisha mwaka uliofuata.

Walikuwa gereza moja, lakini walitenganishwa miaka minane, hadi Septemba 1992 wanasheria kutoka Uingereza walipowatembelea. Oktoba 20 Chirwa alifariki. Vera hakuruhusiwa hata kumzika mumewe.

Vera aliachiwa Januari 1993. Juni, Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Mwaka uliofuata baba alipakia masanduku yetu kwenye lori, tukavuka Kasumulu.