James Chadwick, Mgunduzi wa Nyutroni

James Chadwick alizaliwa mwaka 1891 huko Bollington, Uingereza, katika jamaa ya watu wa kipato kidogo. Alipofika Chuo Kikuu cha Manchester alikusudia kusoma hesabu. Siku ya kuandikishwa alikosea mstari, akajikuta mbele ya mwalimu wa fizikia. Kwa kuwa alikuwa mwenye haya, hakuthubutu kusema. Hivyo akasoma fizikia, akafundishwa na Ernest Rutherford.

Mwaka 1913 alikwenda Ujerumani kuongeza elimu. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, naye akatiwa kizuizini huko Ruhleben, karibu na Berlin, katika mabanda ya farasi. Alikaa humo hadi mwaka 1918. Hata hivyo hakuacha kufanya majaribio kwa vifaa vichache alivyovipata.

Baada ya vita alifanya kazi na Rutherford huko Cambridge. Mwaka 1920 Rutherford alieleza kwamba huenda ndani ya kiini cha atomu mna chembe isiyo na chaji ya umeme. Chembe kama hiyo ni vigumu kuitambua. Chadwick aliitafuta kwa miaka mingi asiipate.

Mapema mwaka 1932 alipata habari kutoka Ufaransa. Wanasayansi wa huko walikuwa wameona kwamba miali itokayo katika metali ya beriliamu, iliyopigwa na chembe za alfa, hurusha protoni kutoka katika nta. Nta ina haidrojeni nyingi, na kiini cha haidrojeni ni protoni. Walidhani miali hiyo ni ya gamma. Chadwick hakuridhika, akarudia jaribio na kupima.

Fikiri juu ya gololi. Ikigonga jiwe kubwa, jiwe halisogei. Ikigonga gololi nyingine, huipa mwendo wake. Kwa hesabu za namna hiyo Chadwick alithibitisha kwamba miali ile ni chembe zenye uzito karibu sawa na protoni, zisizo na chaji. Hizo ndizo nyutroni. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935, akafariki mwaka 1974.

Hata leo njia hiyo yatumika. Wanasayansi hutengeneza plastiki maalumu yenye haidrojeni nyingi. Nyutroni ikigonga protoni ndani yake, protoni husukumwa, na plastiki hutoa mmweko mdogo wa mwanga ambao chombo huuhesabu. Hivyo nyutroni isiyoonekana hutambuliwa kwa kile inachokigonga.